Mwaka Utokao na Mwaka Uingiao katika Fasihi ya Kiswahili

Mwaka unapokaribia kwisha, methali moja husikika kila upande, katika hotuba, katika redio, katika magazeti na katika barua za jamaa: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Aghalabu hutumiwa mfano wa pazia. Anayeitamka hutaka yaliyotendeka yafunikwe, daftari lifungwe bila kusomwa, na wote waliohudhuria wageuze nyuso zao kuelekea Januari. Lakini methali yenyewe haikusema hivyo. Neno lake lenye uzito ni kuganga, na kuganga ni kazi ya mganga; wala hapana mganga astahiliye jina hilo aanzaye na dawa. Huanza na maswali: maumivu yalianza lini, mgonjwa alikula nini, nani mwingine nyumbani aliugua namna hiyo. Methali inakataza kuyauguza yaliyopita, yaani kuyalea kwa kinyongo kana kwamba yenyewe ndiyo maradhi, haikukataza kuyajua. Wenye kuitumia kama pazia wameikata katikati, wakashika nusu ya pili, na hata nusu hiyo hawakuielewa.

Jambo hili lingeweza kuachiwa wataalamu wa methali kama lisingekuwa na matokeo katika fasihi. Fasihi ya Kiswahili ina maandishi mengi ya kufunga na kufungua mwaka: mashairi ya salamu, risala, tafakuri za umri, taarifa za viongozi, hotuba za sikukuu. Wahakiki huyapita bila kuyatazama, wakidhani kuwa kitu kilichoandikwa kwa ajili ya tarehe hufa pamoja na tarehe yake. Dhana hiyo ni kweli kwa sehemu kubwa ya maandishi hayo, na si kweli kwa sehemu iliyosalia. Inafaa kuuliza ni kitu gani kinachozitenga sehemu hizo mbili, maana si ufundi wa vina wala utajiri wa msamiati. Yako mashairi ya salamu yaliyosanifiwa vizuri sana ambayo leo hayana mtu wa kuyasoma.

Lugha yenyewe inatoa kipimo. Kiswahili kimepokea kutoka katika Kiarabu maneno matatu yakaribianayo kwa maana, nayo ni tamaa, taraja na tumaini. Tamaa ni kutaka tu. Haiulizi kama kitakiwacho kinawezekana, wala haiulizi ni nani atakayelipa gharama yake. Zamani neno hilo halikuwa ovu, na msemo wa kukata tamaa umehifadhi maana yake njema mpaka leo. Lakini mtu wa tamaa sasa ni mtu wa kuogopwa, na pengine lugha ilifanya vema kulishusha hadhi. Kutaraji ni kungoja jambo ambalo dalili zake zimekwisha onekana, kama mkulima atarajiavyo mvua baada ya kuyaona mawingu. Tumaini ni neno la namna nyingine kabisa. Asili yake ni utulivu wa moyo, hali ya mtu ambaye moyo wake umetua baada ya wasiwasi. Basi haliwezi kuja kwanza. Moyo ambao haukusumbuka hauna pa kutua, na mwandishi atoaye tumaini kabla ya kuonyesha usumbufu huwa ametoa tamaa iliyovikwa kanzu ya tumaini. Hicho ndicho kipimo kitakachotumika hapa.

Watu wa pwani walikuwa na mwaka wao kabla ya Januari kuwafikia. Mwaka wa Nairuzi, ambao jina lake limetoka Uajemi, una siku 365, nazo hugawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada mwishoni. Hauna siku ya kuongezwa kila mwaka wa nne, na kwa sababu hiyo hurudi nyuma siku moja katika kila miaka minne ukilinganishwa na kalenda ya Kizungu: katika karne ya 19 siku ya mwaka iliangukia Agosti, na katika miaka hii huangukia Julai. Manahodha na wakulima waliuhitaji kwa kuwa mwaka wa Kiislamu, ufuatao mwezi, hauendi sambamba na kaskazi wala kusi. Hata neno mwaka, katika lahaja za kaskazini, lilikuwa pia jina la mvua za masika, na hivyo mwaka haukuwa tarakimu ukutani. Ulikuwa kitu kinyeshacho.

Huko Makunduchi, kusini ya Unguja, siku hiyo huitwa Mwaka Kogwa, yaani kuogwa kwa mwaka, na sherehe zake zimeendelea mpaka wakati huu. Wageni wa kutoka mbali huziona kuwa mchezo. Msomaji wa fasihi azitazame kama atazamavyo muundo wa utenzi, aulize nini hutangulia na nini hufuata. Kitanguliacho ni ugomvi. Wanaume wa pande mbili za mji hukabiliana kwa mabua ya migomba, na husimuliwa kuwa hapo zamani zilikuwa fimbo. Wenye kisasi cha mwaka mzima hupigana hadharani, mbele ya wazee na wanawake waimbao, mpaka hasira itoke. Kisha hujengwa kibanda cha makuti, mzee huingia ndani, moto hutiwa, naye hutoka mbio kabla haujamfikia. Watu hutazama moshi unaelekea wapi, wapate kuagua mwaka ujao. Ndipo hufuata kuoga, kula na kukaribisha wageni, na mwenyeji asiyepata mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa hakubahatika. Ubashiri na karamu, yaani yote yahusuyo mwaka uingiao, yamewekwa baada ya kipigo. Aliyepanga utaratibu huo, hata kama ni vizazi vingi badala ya mtu mmoja, alijua jambo ambalo washairi wengi wa magazeti hawakulijua. Hakumruhusu mtu kuingia mwaka mpya akiwa ameficha fimbo mgongoni.

Mashairi ya salamu yalifika na magazeti. Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na kurasa zake za mashairi zikawa baraza la watu wa pwani na bara waliokuwa hawajapata kuonana kwa macho. Ni vigumu kutia chumvi katika kuyasifu matokeo ya baraza hilo. Karani wa Tabora aliweza kujibizana na mwalimu wa Tanga, na shairi la Kiswahili likatoka katika miji michache ya upwa likawa mali ya nchi nzima. Lakini katika baraza hilo, kama katika baraza lolote, salamu zilikuwa nyingi kuliko mazungumzo. Shairi la mwaka mpya lina umbo ambalo kila msomaji wa magazeti ya Kiswahili analifahamu: humwita mhariri apokee, humshukuru Mola kwa kuufikisha mwaka, huwasalimu wasomaji jimbo kwa jimbo, huomba mvua, afya na amani, kisha hutaja jina la mtungaji na mji wake. Mwaka uliopita hupewa ubeti mmoja, mara nyingi wa kusema kwamba umepita.

Kosa halikuwa la watungaji peke yao. Umbo pia lilichangia. Shairi la mizani 16 lenye kituo hurudi kwa lazima mahali pale pale mwishoni mwa kila ubeti. Kituo kikiwa ni ombi la heri, basi ubeti wa njaa utaishia katika heri, na ubeti wa msiba utaishia katika heri, na msikilizaji ataifikia heri mara kumi pasipo kupita popote. Utenzi hauna kawaida hiyo. Kina chake cha mwisho humsukuma mtungaji mbele, akalazimika kueleza nini kilifuata, na kwa hiyo hesabu hukaa ndani yake kwa urahisi zaidi. Hii si sheria. Mshairi hodari hukigeuza kituo kikamtumikia, kama itakavyoonekana. Walakini ni mwelekeo, na mwanafunzi akizipitia kurasa kuu kuu za magazeti atauona.

Yako pia maandishi yaliyokosea upande wa pili, ikiwa kweli inafaa kuitwa makosa. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, ni hesabu kubwa kuliko zote zilizoandikwa kwa Kiswahili. Mshairi anauita moyo wake, anauonyesha Pate ilivyokuwa na Pate ilivyo, majumba yaliyojaa taa na zidaka zilizopambwa kwa vyombo vya kaure, kisha majumba hayo hayo yamekuwa makao ya popo na ndege. Hakuna kitu kilichofichwa. Lakini utenzi huo haugangi yajayo ya mji. Tumaini lake liko nje ya ulimwengu, na kwa mji wenyewe hapana mwaka mwingine unaokuja. Fasihi ya Kiswahili imeurithi utenzi huo kwa heshima ipasayo, lakini haikuweza kukaa humo. Watu walioandika baada yake walikuwa na watoto, kazi na serikali, wakawa hawana budi kusema neno juu ya kesho ya hapa duniani.

Katika hao, Shaaban Robert anastahili kutazamwa kwa kituo. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909, na kwa ajili hiyo kila mwaka mpya ulikuwa kwake pia siku ya kuhesabu umri. Sadfa hiyo isingekuwa na maana yoyote kama asingekuwa mwandishi aliyependa kupima maisha kwa miaka. Kitabu chake cha Maisha Yangu, na sehemu ya pili yake, Baada ya Miaka Hamsini, vimezoea kusomwa kama tawasifu. Ni tawasifu ya ajabu. Hakimwelezi mtoto Shaaban, mchezo wala mwalimu wake wa kwanza kwa namna ambayo wasomaji wa vitabu vya namna hiyo hutazamia. Kinaanza na mtu mzima aliyekwisha ingia katika kazi na ndoa. Wapo walioulaumu upungufu huo. Lakini ukikisoma kitabu kama hesabu badala ya hadithi, unatambua kwamba mwandishi ameanza pale wajibu wake ulipoanza. Mtoto hana deni.

Alikuwa karani. Alitumikia idara ya forodha tangu 1926 mpaka 1944, kisha idara ya mifugo, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwisho idara ya upimaji, mpaka alipostaafu 1960. Miaka 34 ya kuandika tarakimu za watu wengine ilimwachia tabia ya kuweka kila kitu katika safu yake, na tabia hiyo imo katika nathari yake: sentensi zake hupima, hulinganisha, huweka hili mkabala wa lile. Katika Maisha Yangu kifo cha mkewe Amina kimewekwa wazi, pamoja na shairi alilomtungia. Hakukimbia msiba huo kwa kumwambia msomaji kwamba yaliyopita si ndwele. Na katika kitabu hicho hicho zimo tenzi mbili za wasia, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Huo ndio ufundi wa kitabu, ingawa mwandishi mwenyewe hakuutangaza. Msomaji ampendaye Shaaban kwa maneno yake ya hekima huzitoa tenzi hizo katika kitabu na kuzisoma peke yake, kama zinavyosomwa shuleni, na hapo zinaonekana kuwa mafundisho tu, kavu pengine. Zikirudishwa mahali pake hubadilika. Anayefundisha ni baba aliyebaki na watoto wasio na mama. Tumaini lake juu yao halikutolewa kama dua ya heri na fanaka; limetolewa kama kazi, ubeti baada ya ubeti, jinsi ya kuishi na watu, jinsi ya kutunza ulimi, jinsi ya kuvumilia. Ni tumaini la mtu aliyekwisha kupata hasara na anayejua itakuja nyingine.

Haifai kumsifu mno. Katika sehemu ya pili ya kitabu mwandishi anajitazama kwa upole mwingi. Sifa zake mwenyewe amezihesabu pasipo haya, na makosa yake, yanapotajwa, hutajwa kwa jumla jumla, kama mtu akirivyo kuwa binadamu hakosi dosari bila ya kuitaja hata moja. Karani hodari asingeipitisha hesabu ya namna hiyo kwa mtu mwingine. Barua zake kwa nduguye Yusuf Ulenge, zilizochapishwa 2002 na kuhusu miaka ya 1931 hadi 1958, ni hesabu ya ukweli zaidi, maana mle fedha ni fedha, na kucheleweshwa kwa kitabu ni jambo la kuudhi, si mtihani wa subira. Yamkini mtu huandika kweli zaidi pale asipodhani kuwa anaandikia vizazi. Hata hivyo kipimo cha tumaini kinabaki upande wake. Alifariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya uhuru wa Tanganyika, na vitabu vyake kadhaa alivyoviandika akiwa na imani kwamba siku moja vitasomwa vilitoka baada ya kifo chake: Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote 1968. Miswada isiyo na mchapaji, iliyohifadhiwa miaka na miaka, ni ushahidi wa tumaini ambao salamu yoyote ya Januari haiwezi kuutoa.

Mfano wa kituo kilichogeuzwa umo katika Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Kijana huyo wa Mombasa aliandika mwaka 1968 waraka uitwao Kenya: Twendapi?, akiuliza baada ya miaka mitano ya uhuru nchi inaelekea wapi. Ulikuwa ni maandishi ya kufunga mwaka kwa maana kamili ya neno, na mahakama ikamjibu kwa kifungo cha miaka mitatu. Mashairi ya Sauti ya Dhiki yaliandikwa gerezani kati ya 1969 na 1972, juu ya karatasi za msalani, na kitabu kilitolewa 1973. Katika shairi la N'shishiyelo ni Lilo kituo hakirudii ombi. Kinarudia kukataa kuliacha alilolishika. Umbo ni lile lile la mashairi ya salamu, vina vya kati na vya mwisho, ubeti kwa ubeti, na bado msikilizaji hafikishwi katika faraja hata mara moja. Kila ubeti unaleta sababu mpya ya kunyamaza na kila kituo kinaikataa. Mfungwa anajua thamani ya mwaka kuliko mtu huru, naye Abdilatif hakuipoteza miaka yake mitatu kwa kutakiana heri.

Upande wa Tanzania mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Azimio la Arusha lilipotolewa Februari 1967, washairi walilipokea kwa wingi, na ngonjera za Mathias Mnyampala zikalipeleka shuleni na vijijini. Ngonjera ni umbo la mabishano. Mmoja hajui au hakubali, mwenziwe anamweleza, na mwishoni wote wawili wanaimba pamoja. Kwa kufundishia, ni umbo zuri, na watoto walilipenda. Kwa kuhesabia, halifai, kwa sababu mbishi huingia jukwaani akiwa ameshashindwa. Hakuna ngonjera ambamo mjinga aliuliza swali ambalo mwerevu hakuweza kulijibu. Kwa hiyo miaka kumi ya kwanza ya Azimio iliimbwa kwa tamaa njema, na ikibidi kutafuta mahali ilipohesabiwa ni lazima kutoka katika ushairi na kwenda katika nathari, nayo ni nathari ya mtu ambaye wahakiki hawajazoea kumweka pamoja na waandishi.

Mwaka 1977 Julius Nyerere alitoa kijitabu cha Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi. Mtu aliyetafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi hakuwa mgeni katika sanaa ya kauli, lakini hapa sanaa imefichwa. Anakiri mapema kabisa kwamba Tanzania si nchi ya ujamaa na wala haijajitegemea. Baada ya kukiri hivyo ndipo anapoeleza yaliyofanikiwa, katika elimu ya msingi, maji na afya. Kisha anarudi katika yaliyoharibika, kilimo kisichozalisha ipasavyo, viwanda visivyofikia uwezo wake, matumizi ya serikali, watumishi wanaomdharau mkulima. Liko jambo moja la kumvutia mhakiki zaidi ya yote hayo. Nyerere anakumbusha kwamba zamani aliulizwa ujamaa ungechukua muda gani kujengwa, akajibu miaka 30. Sasa anasema alikosea, na kwamba utachukua muda mrefu zaidi. Kiongozi wa nchi anatazamiwa kuipunguza miaka katika hotuba ya aina hiyo. Yeye aliiongeza. Na bado kijitabu hakisomeki kama cha mtu aliyekata tamaa. Kinasomeka kama cha mtu ambaye moyo wake umetua baada ya kuitazama hasara, na hapo ndipo neno tumaini linaporudi katika maana yake ya asili.

Mtu anaweza kupinga, na kwa haki, kwamba aliyeandika hesabu hiyo ndiye aliyekuwa pia mwenye duka, na kwamba yako mambo ambayo mwenye duka hayaandiki. Kuhamishwa kwa watu kwenda katika vijiji, pamoja na nguvu iliyotumika mahali pengine, hakukupata katika kijitabu kile nafasi kilichostahili. Ilibidi kungoja riwaya. Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1979, iliingia katika vijiji hivyo kwa mguu wa mwanakijiji, ikasema yale ambayo taarifa haikuyasema. Kuzisoma kazi hizo mbili pamoja, taarifa ya 1977 na riwaya ya 1979, kungekuwa somo jema kwa mwanafunzi yeyote wa fasihi, na ni ajabu kwamba mara nyingi zinafundishwa katika majengo mawili tofauti ya chuo kimoja.

Lugha ya Kiswahili sasa ina siku yake ya mwaka. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kumbukumbu ya siku ile ya 1954 ambapo TANU ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kupigania uhuru. Kwa sadfa nyingine, siku hiyo iko katika mwezi ule ule ambao sasa Makunduchi huoga mwaka wake. Tangu 2022 hotuba za 7 Julai zimekuwa mashairi ya salamu ya zama hizi, na umbo lake limekwisha imara: idadi ya wasemaji kwa mamilioni, orodha ya nchi na mashirika yanayokitumia, shukrani kwa waasisi, na matumaini, neno lenyewe likiwa katika wingi kila mara, ya kukipeleka duniani. Yako ya kujivunia kweli kweli. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Umoja wa Afrika ulikipokea 2022 kuwa lugha ya kazi. Sheria ya Tanzania ya 2021 ilikipa nafasi ya kwanza mahakamani, mtu akaweza kuielewa hukumu inayompeleka kifungoni. Hayo si madogo.

Lakini ukurasa wa pili wa daftari haufunguliwi. Sera ya elimu ya Tanzania ya 2014 ilimruhusu mwalimu kutumia Kiswahili katika ngazi zote, na miaka ikafuatana, shule za sekondari na vyuo vikuu zikiendelea kufundisha fizikia, historia na sheria kwa Kiingereza. Kijana aliyesoma miaka saba kwa lugha anayoiota usingizini huamka mwaka wa nane katika lugha nyingine, na wengi kati ya wanaoshindwa huambiwa kuwa hawana akili. Jambo hilo linajulikana na kila mtu aliyeketi katika ukumbi wa 7 Julai, pamoja na msemaji. Kutolisema kunaitwa adabu ya sherehe. Kwa kipimo kilichotumika hapa ni ule ule ubeti mmoja wa kusema kwamba mwaka umepita.

Si vigumu kuiwaza hotuba ya namna nyingine. Ingeanza na vitabu: vingapi vya Kiswahili vilichapishwa tangu Julai iliyopita, vingapi kati yake si vya shule, na vingapi viliuzwa nje ya mji vilikochapishwa. Ingetaja masomo ambayo katika mwaka huo yameanza kufundishwa kwa Kiswahili katika chuo kikuu, na kama hakuna hata moja, ingesema hakuna. Ingewataja watunzi waliopata tuzo, kisha ingeuliza kama miswada ya wale wasiopata ina pa kwenda, au inangoja kama miswada ya Shaaban ilivyongoja. Ingemwacha mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza asimame aeleze, kwa lugha anayoitaka, alichoelewa katika somo la jana. Baada ya hapo msemaji angekuwa huru kutaja analolitumainia. Hotuba hiyo ingekuwa fupi kuliko zile zinazosikiwa sasa, na yaelekea baadhi ya wageni wa heshima wangetazama saa zao kabla haijafika nusu.